Nilimpeleka Mpwa Wangu Mlimani

Basi liliondoka Mafinga saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umeulalia mji. Mpwa wangu alikaa dirishani. Begi lake lilikuwa kwenye buti, lakini bahasha ya kaki yenye barua ya udahili, cheti cha kuzaliwa na matokeo ya kidato cha sita hakukubali itoke mapajani mwake. Dada yangu alikuwa ameizungushia kipande cha kitenge na kukifunga mafundo mawili. Tulipokaribia Ipogolo, taa za Iringa zikiwa zinazimika moja moja huko juu mlimani, aliniuliza:

"Mjomba, hivi wale vyura wapo kweli pale chuoni?"

"Tutakwenda kuuliza," nikamwambia.

Kwetu Mufindi hakuna mtu mzima asiyejua habari ya vyura wa Kihansi. Mto Kihansi unatoka kwenye nyanda zetu, unateremka Udzungwa kwa maporomoko, na kwenye maporomoko hayo ndipo serikali ilipojenga mtambo wa umeme wa megawati 180 uliozinduliwa mwaka 2000. Tulisikia kwamba ndani ya korongo wamekutwa vyura wasiopatikana popote pengine duniani, kisha tukasikia kwamba vyura hao wamepandishwa ndege kwenda Marekani. Wengi tuliona uchungu. Vijiji vyetu vilikuwa gizani, na sisi tuliona mabilioni yanamwagwa kwa chura. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, tena darasani, mbele ya wanafunzi. Miaka ikapita, mtoto wa dada yangu akapenda baiolojia katika shule isiyo na maabara, akafaulu, akachaguliwa kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kusomea sayansi ya wanyamapori. Swali la vyura alikuwa nalo tangu utotoni, na safari hii aliona amepata pa kuliuliza.

Nami nilikuwa na langu. Nimefundisha Kiswahili miaka 24, kwa stashahada ya chuo cha ualimu, na muda wote huo nimeongozwa na kitabu kimoja kilichotoka Mlimani: Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la kwanza, la 1981. Jalada lake nimelishona kwa uzi wa viatu. Ndani yake naweka alama ya ukurasa, noti ya shilingi 500 yenye picha ya Mzee Karume mbele na Ukumbi wa Nkrumah nyuma. Noti hizo zimekwisha kuondolewa kwenye mzunguko, sarafu imeshika nafasi yake, lakini ile yangu sikuitoa. Ndiyo picha ya chuo kikuu niliyokuwa nawaonyesha wanafunzi. Kukanyaga pale mwenyewe nilikuwa sijawahi.

Tuliteremka Kitonga kwa mwendo wa pole, malori yamefuatana kama siafu. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu vya kumpelekea mwenyeji wetu. Mikumi twiga walisimama karibu kabisa na barabara na abiria wote wakahamia upande mmoja wa basi. Morogoro nilimwonyesha mpwa wangu njia ya kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine. Hicho nacho kilizaliwa na Mlimani: kilianza kama kitivo cha kilimo mwaka 1969, kikasimama chenyewe mwaka 1984. Muhimbili na Ardhi nazo zilikuwa sehemu ya Mlimani kabla ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Chuo hiki kimezaa na kujukuu.

Saa kumi na moja jioni tuliingia stendi ya Magufuli, Mbezi. Joto la Dar es Salaam lilitupokea mlangoni mwa basi. Tukapanda daladala hadi Ubungo, tukapita chini ya Daraja la Kijazi, tukashika Barabara ya Sam Nujoma hadi Mlimani City, na kutoka hapo bajaji ikatupandisha. Kilomita 13 tu kutoka katikati ya jiji, lakini ukishaingia lango la chuo kelele zinabaki nyuma. Miti imefunga juu ya barabara. Tumbili mmoja alikuwa amekaa juu ya ukuta anamenya ndizi, wala hakushughulika nasi. Mpwa wangu aliketi wima, akanyamaza hadi tulipotokeza Changanyikeni kwa binamu yangu, tulikolala.

Siku ya usajili sina mengi ya kuisimulia. Foleni ilikuwa ndefu, wazazi tulikaa kivulini, wanafunzi wa mwaka wa pili waliojitolea walipita wakiwaelekeza wageni dirisha hadi dirisha. Kabla jua halijazama alikuwa na kitambulisho chake na ufunguo wa chumba kwenye zile hosteli zilizofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Nilimbebea begi hadi ngazini. Binti aliyepangwa naye, mtoto wa Kigoma, alikuwa ametangulia na amekwisha kufagia. Akanipigia goti, "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba, nikaona hapa mtoto wangu yuko na mwenzake.

Kilichonishika zaidi ni vimbweta. Kimbweta ni meza ya zege na viti vyake vya zege, vimejengwa chini ya miti, nje ya kumbi za mihadhara na mabweni. Ukipita mchana utadhani ni pahali pa kupumzikia tu. Pita jioni. Nilipita saa mbili usiku nikitoka hosteli, nikakuta kila kimbweta kimejaa: hapa wanne, pale saba, taa inaning'inia kwenye tawi, waya umetandazwa kwenye nyasi. Nilikaribia kimoja, nikawasalimia.

"Karibu kimbwetani, mzee," mmoja akaniambia, akasogea nikae.

Walikuwa vijana watano wa uhandisi. Mmoja tu alikuwa wa mwaka wa nne. Wengine wanne walikuwa wa mwaka wa pili waliokwama kwenye hesabu. Huyo wa mwaka wa nne alikuwa akiwafundisha tangu saa kumi na mbili. Mbele yake palikuwa na desa, yaani bunda la nakala za kivuli za maelezo ya somo, limepita mikono mingi hata pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Kwenye pambizo palikuwa na miandiko ya watu mbalimbali: mmoja kaandika "angalia hapa, huulizwa", mwingine kapiga mshale na kusahihisha alama ya kutoa iliyowekwa badala ya kujumlisha. Nikamwuliza analipwa nini kwa kazi hiyo. Akasema naye alikaa kwenye kiti hicho hicho mwaka wa pili, akafundishwa na mtu ambaye sasa anafanya kazi Mtwara.

Walinieleza maisha yao kwa lugha yao. Bumu ni fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo. Likiingia, mgahawa unajaa wali kuku, likikata wanarudi kwenye wali maharage. Kubebana ni wawili kulala kitanda kimoja, mwenye chumba na rafiki yake aliyekosa. Sapu ni mtihani wa marudio. Neno la kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, walilitaja kwa sauti ya chini. Mmoja wao, mtoto wa mkulima wa korosho kutoka Newala, aliniambia kwao walichanga shangazi watatu na babu mmoja ili apate nauli na godoro. "Nikidisko, mzee, nitadisko na ukoo mzima." Wenzake wakatikisa vichwa, kisha yule wa mwaka wa nne akagonga meza kwa kalamu, wakarudi kwenye hesabu. Nilikaa nao hadi saa nne. Sikuelewa hata mstari mmoja wa kile walichokuwa wakikokotoa, lakini ufundishaji mzuri naujua nikiuona, na ule ulikuwa mzuri.

Asubuhi ya siku ya pili mpwa wangu alinitembeza. Maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na rafu za vitabu 800,000. Tuliitazama kwa nje, tukapita. Mimi nilikuwa na haraka ya kufika Nkrumah.

Ukumbi wenyewe uko pale pale, kwa umbo lile lile. Nilitoa noti kwenye kamusi nikaiinua mbele ya macho, nikalinganisha. Mlinzi akanitazama akatabasamu; nadhani si mimi wa kwanza.

Chuo hiki hakikuanzia hapa kilimani. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita hivi kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Kitivo kilikuwa kimoja, cha sheria, na wanafunzi hawakufika 15. Mwanamke katika kundi hilo alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Kilihamia kilimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Nilimsimulia mpwa wangu hayo tumekaa kwenye ngazi, na nikamsimulia pia habari ya Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400, wengi wao wa chuo hiki. Siku hiyo hiyo akatangaza kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akaanza na wake mwenyewe, akaukata. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha.

Kuna mfano wa Mwalimu kuhusu wasomi ambao mimi sijapata kuona mfano unaouzidi. Alisema msomi ni kama mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Asiporudi, amewasaliti waliobaki. Mpwa wangu alikuwa hajausikia. Alikaa kimya, akiipapasa ile bahasha ya kitenge ambayo bado alikuwa anatembea nayo.

Vijana wa miaka iliyofuata waliusikia vizuri. Ndio wakati Walter Rodney, kutoka Guyana, alipofundisha historia hapa, akifika kwanza mwaka 1966 na kurudi tena kuanzia 1969 hadi 1974. Kitabu chake How Europe Underdeveloped Africa kilitoka mwaka 1972, na mmoja wa wachapishaji wake alikuwa Tanzania Publishing House ya hapa hapa Dar es Salaam. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi na kiongozi wa umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, hata akaenda na wenzake kuona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO kaskazini mwa Msumbiji. Wanafunzi walitoa jarida lao, Cheche, mwaka 1969. Likapigwa marufuku mwaka uliofuata. Issa Shivji, aliyeandika humo, alibaki akawa profesa wa sheria aliyewafundisha mawakili na majaji wa nchi kadhaa. Majina haya watu wanayajua. Lakini kama mwalimu wa Kiswahili nasema kazi kubwa kuliko zote iliyofanyika kwenye kilima hiki ilifanywa na watu waliokaa kimya ndani ya vyumba, wakichambua maneno.

Ndiyo maana miguu yangu ilinipeleka Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Wengi wetu bado tunaiita TUKI, jina lake kabla ya kuunganishwa na Idara ya Kiswahili mwaka 2009. Historia yake ni ya msafiri. Ilianza mwaka 1930 kama Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, hapa Dar es Salaam. Ikahamia Nairobi, kisha Makerere, kisha Mombasa, na mwaka 1964 ikaletwa chuoni ikiwa taasisi ya uchunguzi. Lugha yetu imezungushwa nchi tatu ndani ya makabati ya karatasi kabla ya kupata nyumba.

Mtafiti mmoja kijana, dada mwenye miwani, alinipokea. Nilipomwonyesha kamusi yangu alisimama. Aliishika kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani, akaifungua taratibu ili uzi usikatike. "Mwalimu," akasema, "hii imefanya kazi." Kwenye pambizo nimeandika kwa miaka 24 maneno ambayo wanafunzi wangu waliyauliza na mimi sikuyakuta. UKIMWI haumo, kwa sababu mwaka 1981 ugonjwa huo ulikuwa haujapata jina kwetu. Intaneti haimo, tovuti haimo. Alizisoma pambizo zangu ukurasa baada ya ukurasa, nami nilikaa kama mwanafunzi anayesahihishiwa.

Kisha akanieleza kazi yenyewe. Neno haliingii kamusini kwa sababu mtu mmoja amelipenda. Hukusanywa kutoka magazetini, vitabuni, redioni na vinywani mwa watu, huangaliwa linatumika wapi na kwa maana gani, hupangiwa ngeli, hutafutiwa fasili isiyozidi wala kupungua, na ndipo linapokuwa kidahizo. Kwa kufanya hivyo toleo la pili likatoka 2004 na la tatu 2013. Nikamwuliza ngumu ni ipi. Akasema ngumu ni maneno mepesi. Neno kubwa la kitaalamu lina maana moja na linakaa mahali pake. Lakini "piga" au "shika" laweza kumaliza wiki nzima mezani, kwa kuwa watu wanapiga simu, wanapiga pasi, wanapiga deki, wanapiga hodi, na kila moja lataka maelezo yake. Nyuma yetu, kwenye ukumbi, walipita wanafunzi wa kigeni wakibishana kwa Kiswahili kuhusu mtihani. Kiswahili chao kilikuwa safi.

Katika rafu niliona migongo ya vitabu ninavyovifundisha, na nilitambua jambo ambalo sikuwa nimeliweka pamoja. Ebrahim Hussein wa Kinjeketile, tamthiliya ya 1969, alisoma hapa na kufundisha hapa. Euphrase Kezilahabi alihitimu hapa mwaka 1970, na mwaka uliofuata akatoa Rosa Mistika, kisha akarudi kufundisha. Penina Muhando, aliyeandika Hatia na Nguzo Mama, alikuwa profesa wa sanaa za maonyesho hapa. M. M. Mulokozi, Mhaya, ndiye aliyetutungia sisi Wahehe Mukwava wa Uhehe, naye alikuwa profesa kwenye taasisi hii. Kidato cha tatu kule kwetu hutahiniwa kwa kazi za watu waliopishana kwenye korido moja.

Saa nane mchana tulikwenda kwenye vyura.

Kwenye idara ya zuolojia alitutokea fundi wa maabara, mtu mzima mwenye koti jeupe. Tulipojitambulisha kuwa tumetoka Mufindi alicheka kwa furaha. "Kamwene!" akasema, na sisi wawili tukaitikia kwa pamoja. Mama yake ni wa Kihehe. Nikamwambia tumekuja kuuliza habari ya vyura wa Kihansi, na nikamweleza pia, kwa kuwa ilinikaa rohoni, kwamba mimi ni mmoja wa waliowasema vibaya.

Hakunilaumu. Alituketisha kwenye benchi nje ya jengo, akaanza mwanzo.

Chura yule aligunduliwa mwaka 1996, wakati wa kuchunguza mazingira ya mradi. Miongoni mwa wanasayansi waliompa jina lake la kitaalamu, Nectophrynoides asperginis, yumo Profesa Kim Howell, aliyefundisha zuolojia hapa Mlimani kwa miaka mingi. Jina hilo lina maana ya manyunyu, na manyunyu ndiyo yaliyokuwa maisha yake. Maporomoko yalipogonga miamba yalirusha mvuke usiokatika mchana na usiku, ukalowesha eneo dogo la hekta chache tu, na katika ubaridi huo chura huyu aliishi kwa maelfu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakoma. Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji, yakasaidia kwa muda, lakini mwaka 2003 vyura walikufa kwa wingi; ukungu unaoshambulia ngozi za vyura duniani kote ulikuwa umefika korongoni. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena.

"Waliobaki ni wale wa ndege," akasema.

Mwishoni mwa mwaka 2000, kabla ya maafa, vyura karibu 500 walikuwa wamechukuliwa kwenda Marekani. Bustani za wanyama za Bronx na Toledo ziliwalea, wengi wakafa, wakajifunza kuwatunza, wakaongezeka. Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa nchini, na waliletwa hapa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye kituo kilichoandaliwa kwa ajili yao. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Haijapata kutokea kabla ya hapo, popote duniani, kwamba chura au jamaa yake yeyote aliyetangazwa kutoweka porini akarudishwa nyumbani kwake.

Kuwaona wenyewe hatukuruhusiwa, na sababu ilikuwa ya haki. Ukungu ule unaweza kuingia na tope la kiatu. Wanaoingia hubadilisha viatu, hunawa, na hawatoki chumba hiki kwenda kile ovyo. Fundi alitoa simu, akatuonyesha picha. Kwenye kiganja kilichovaa glavu alikaa chura wa rangi ya asali iliyokomaa, na mwili wake wote haukuzidi sana ukucha wa kidole gumba. Ngozi ya tumbo ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mwanga ulipita. Na ndani, ukitazama vizuri, palionekana vidoa vyeusi vilivyojipanga.

"Hivyo ni nini?" mpwa wangu akauliza.

"Watoto. Huyu hatagi mayai majini kama wengine. Anazaa."

Mpwa wangu aliishika ile simu kwa mikono miwili kama yule dada alivyoishika kamusi yangu. Akaanza kuuliza. Wanakula nini? Wadudu wadogo sana, wanaofugwa hapa hapa kwa ajili yao. Joto la Dar es Salaam haliwaui? Chumba hupozwa na maji huchujwa, na umeme ukikatika mtu lazima aamke usiku. Mtoto akizaliwa ana ukubwa gani? Kama punje ya mchele. Nani anawahesabu? Wafanyakazi, na wanafunzi wanaofanya utafiti wao. Kule korongoni nani anawaangalia? Kuna kituo kingine Kihansi kwenyewe, na huko hutakiwa vijana wanaoijua milima ile, wasioogopa kuteremka.

"Mimi naijua," akasema.

Fundi akamtazama, akamwuliza jina, akaliandika kwenye daftari lake. "Mwaka wa pili njoo unione."

Tulirudi kwa miguu kupitia Yombo, zilipo kumbi kubwa za mihadhara. Vijana walikuwa wanatoka kwa mamia, na mpwa wangu hakuwa tena mgeni anayetembea pembeni ya njia. Nilimwachia vitunguu vilivyobaki na kamusi. Alikataa kamusi, akasema ni ya kwangu. Nikamwambia nitanunua toleo la tatu, hii ikae ilikozaliwa. Noti ya mia tano niliiacha mle mle, kwenye ukurasa wa herufi CH, palipo na neno "chura".

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Mbezi, narudi. Darasani nimekwisha kuyafuta niliyoyasema zamani kuhusu vyura. Niliwakusanya wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne, nikawasimulia yote kama nilivyosimuliwa.

Sasa nawaandikia ninyi mliohitimu Mlimani, na vyuo vyote vya umma vilivyotoka tumboni mwake, hasa ninyi mliosoma sayansi na elimu. Shule yetu ina mwalimu mmoja wa baiolojia kwa madarasa yote manne, na hesabu tangu Machi inafundishwa na mwalimu wa jiografia. Maabara imepauliwa mwaka jana kwa nguvu za wananchi, haijapata mtu wa kuifungua. Nyumba ya mwalimu ipo, vyumba viwili, imeezekwa bati, maji yako uani, na umeme wa Kihansi sasa unawaka. Njooni.